Kalamu Nyekundu ya Mkutubi

Mkutubi ana gundi iliyokauka vidoleni na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Kila kitu hukipuliza vumbi kabla ya kukitumia, hata kitabu kipya, na akikuta hesabu au tarehe isiyo sahihi hukohoa kidogo, akairekebisha palepale. Tangazo la tuzo ya kanda, ya watu waliotoa mchango katika lugha na historia, alilichapa mwenyewe, pamoja na sharti alilolipenda kuliko yote: mtu mmoja fomu moja, na yenye maandishi yaliyokatwa au kufutwa haipokelewi. Wiki mbili nzima aliwaambia wasomaji, "Pendekezeni yeyote, jamani. Hata mkutubi, kwa mfano," kisha akajicheka moyoni: mvi zote hizi, na bado anajipigia debe kama mgombea udiwani!

Siku ya mwisho ya kupokea fomu, sandukuni mlikuwa na moja tu, ya mama wa usafi. Alikuwa amemwandika yeye! Ametumika miaka thelathini, ameokoa vitabu elfu moja. Mkutubi akakohoa. Akafuta thelathini, akaandika ishirini na minane. Akafuta elfu moja, akaandika mia sita na kumi na viwili. Ndipo alipoinua macho akaliona tangazo lake ukutani, akalisoma tena lile sharti.

Mama wa usafi aliegemea fagio, akautazama ule wino mwekundu. "Kaka, si ungeniachia tu uongo wangu?"

"Lakini dada, ni mia sita na kumi na viwili," alisema kwa unyonge. Akauchukua muhuri, akaupuliza vumbi, akaigonga fomu: IMEKATALIWA.