Waongozaji Wawili na Utani wa Baba

Vijana wa mtaani kwetu hubishana sana kuhusu waongozaji wa filamu za vichekesho. Huyu anajua kazi, yule anaiga, yule mwingine anawapigisha waigizaji kelele mpaka masikio yanauma. Wakiniuliza mimi ninajibu kwa mkato, kisha ninatafuta cha kufanya jikoni. Niliwajua wawili wa mwanzo mwanzo pale Temeke, niliwashikia taa wote wawili, na kila nikitaka kusema nani alikuwa hodari zaidi, uso unapata moto. Wote wawili walimpiga picha baba yangu.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia kwa makontena: mitumba, redio kaseti, deki za video. Vibanda vya video vikaota kila kona ya Tandika. Mtu akipata kamera alianza kwa kupiga picha za harusi, na Ramadhani ikifika, harusi zikasimama, alijaribu kutengeneza kichekesho. Baba alikuwa amepunguzwa kazi bandarini, alikopakua mizigo tangu ujana wake, na alikuwa amechoka kukaa barazani akigombana na redio. Alipoitwa kuigiza alikwenda mbio.

Mwongozaji wa kwanza alikuwa mmoja wa hao wapiga picha za harusi, na sisi tulimwita Bwana Harusi. Alikuwa mnene, mwenye jasho na maneno mengi. Filamu zake zote zilipigwa kwenye sebule moja ya kuazima Mbezi Beach, kwa sababu ya makochi tu. Hadithi ingeweza kuwa ya muuza mkaa wa Tandale, lakini muuza mkaa huyo angekaa kwenye kochi la velveti na maua ya plastiki mezani. Nyuma ya kamera alipanga majirani, akawapungia mkono wacheke, na kicheko chao kikaingia kwenye mkanda. Kikianza kufifia alipiga kelele, "Kata! Watu wasichoke!" Alikata hata kabla mtu hajamaliza sentensi.

Bwana Harusi alimpa baba nafasi ya mama mkwe. Alimvisha gauni, akampaka unga usoni, akamfunga mto makalioni. Siku filamu ilipoonyeshwa Tandika nilikaa benchi la nyuma kabisa, na kila baba alipogeuka na ule mto wake, kibanda kizima kilipiga mayowe. Watu wazima walishikana mabega kwa kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kandambili.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, nikijiona mtu wa maana na sketi yangu ya marinda. Jumatatu yake kijana wa masijala alisimama mlangoni akasema, "Sista, mama mkwe hajambo?" Nilimrushia boksi la karatasi. Mimi si mvumilivu, na wala sikutaka kuwa. Lakini boksi halikusaidia kitu, kwani kuanzia siku hiyo ofisi nzima ilijua, na mkuu wa idara mwenyewe akawa ananipita akikaza midomo asicheke.

Baba yeye hakuona tatizo. Aliponiuliza nyumbani, "Walicheka?" nikamjibu walicheka, alipiga paja kwa furaha. Niliona aibu kwa ajili yake, na aibu nyingine kwa sababu yeye hakuiona.

Kisha akaja wa pili. Huyu alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwembamba, mkimya, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Tulimwita Mwalimu. Hakutaka kusikia habari ya Mbezi Beach. Alipiga picha kwenye nyua zetu, kamera akaiweka mbali, karibu na ukuta wa choo, akaiacha iende. Kwake ilikuwa marufuku kucheka wakati wa kazi. Msichana mmoja alicheka, akatumwa kuteka maji na hakurudishwa tena. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akicheka hata siku moja. Hakumpa mtu maneno ya kusema. Mwigizaji akimaliza alichonacho, Mwalimu aliuliza polepole, "Huna kingine?" kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka mtu anaona vibaya, anakuna kichwa, anatoa kitu ambacho hakukusudia kukitoa. Na hicho ndicho kilichokuwa kizuri.

Mimi nilimhusudu. Nilisema huyu ndiye mwongozaji, yule mwingine ni mchuuzi. Niliona hatimaye baba atatazamwa kama mtu.

Sasa lazima nieleze habari ya utani wetu. Sisi ni Wanyamwezi, na majirani zetu wa pale walikuwa Wazaramo, watani zetu tangu enzi za mababu. Msiba ukitokea kwao, mtani kutoka kwetu ana kazi yake. Anavaa kofia au koti la marehemu, anaigiza sauti na mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke uani mpaka wafiwa wacheke. Huo si utovu wa adabu. Mtani asipofika ndipo watu wanapolalamika. Baba alikuwa anasifika kwa kazi hiyo kuanzia Mtoni mpaka Gongo la Mboto. Mwanamke aliyelia tangu alfajiri mpaka sauti ikakauka, baba alikuwa anaweza kumchekesha, na baada ya hapo aliweza kula.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee muuza nazi, mtani wa baba na rafiki yake mkubwa. Kila asubuhi baba alimwita juu ya ukuta, "Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka, mbeba mizigo. We hujafa tu?"

"Ntakufaje mie wakati sijakuzika wewe?"

Walikuwa wamekubaliana: yeyote atakayetangulia, mwenzake atamchekesha mjane kabla jeneza halijatoka uani. Baba alikuwa na mambo aliyoyaweka akiba kwa siku hiyo, na alikuwa akijisifu kwamba hata mama hajayasikia.

Mwalimu akaomba kupiga picha ya msiba wa kuigiza, baba awe mtani. Muuza nazi akasema kwa nini msiba wa mtu wa kubuni wakati yeye yupo, mzima, na kifo hakimwogopeshi. Akajilaza kitandani uani, akafunikwa shuka jeupe. Mke wake alikataa kutazama. Alisema hawezi kumwona mume wake amefunikwa vile, akaingia ndani akafunga mlango, na hata mkanda ulipotoka hakuuangalia kamwe.

Baba alivaa kofia ya rafiki yake kwa upande kama alivyoivaa mwenyewe, akakohoa kikohozi chake cha asubuhi, akawakaripia wateja wa hewani: "Usiibinye nazi yangu, bibi, embe hiyo?" Nilishika taa nikiuma mdomo. Alipomaliza, Mwalimu akauliza, "Huna kingine?" Baba akakuna kichwa. Akatazama kitanda, akatutazama sisi. Kisha akachuchumaa upande wa kichwa cha marehemu, akakishika kwa mikono miwili juu ya shuka, akakitikisa taratibu karibu na sikio lake kama muuza nazi anavyosikiliza maji. Akasikiliza kwa makini sana. Akasema kwa huzuni ya kweli ya mfanyabiashara, "Hii imekauka. Nani atainunua?"

Shuka likaanza kutikisika. Marehemu alikuwa anacheka. Alijikaza, miguu ikarukaruka, shuka likateleza, na Mwalimu hakukata. Aliiacha hivyo mpaka betri ikaisha.

Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo hadi leo. Tandika walicheka tofauti na walivyomcheka mama mkwe, walicheka huku wakijifuta macho, na ofisini yule kijana wa masijala aliniambia kwa adabu, "Mzee wako fundi." Mkanda ulidurufiwa ukaenda Kinondoni, ukaenda Tandale, na watoto sokoni walishikana vichwa wakitikisana na kupiga kelele, "Imekauka!" Nilitembea nimenyoosha shingo.

Mvua za masika zilipoanza, muuza nazi alianguka kwenye genge lake. Hakufika hospitali.

Asubuhi ya maziko ua ulijaa. Wanaume walikuwa mkekani mbele, wanawake tulikuwa upande wa jiko, na mjane alikaa mlangoni, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amelia usiku kucha. Jeneza lilipotolewa na kuwekwa uani, baba alisimama mbele yake na kofia ya rafiki yake kichwani. Niliona mjane akiinua kanga kidogo. Alikuwa anamngoja mtani wake.

Baba akakohoa. Kabla hajamaliza, nyuma kuna vijana wakakohoa pamoja naye. Akasema, "Usiibinye nazi..." na nusu ya ua ikamalizia, "Embe hiyo?" Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha kibanda cha video, cha watu wanaongoja kitu wanachokijua. Mjane alitazama huku na huku. Hakuelewa kwa nini watu wote wanajua maneno ambayo yeye hajayasikia. Baba akachuchumaa upande wa kichwa. Hakuwa na njia nyingine, nadhani, mikono ilikuwa imeshaanza kwenda. Kijana mmoja akapiga kelele, "Imekaukaaa!"

Kisha likatokea jambo lililonitia aibu kuliko yote niliyowahi kuyaona. Watu wakageuza macho wakatazama kitambaa kilichofunika jeneza. Wazee, watoto, hata mimi. Tulikuwa tunangoja kitikisike.

Baba aliganda pale, mikono imeinuka, mdomo wazi. Hakuwa na kingine, akiba yake yote ilikuwa imeishia kwenye mkanda. Na wao wakazidi kucheka, wakidhani huo nao ni utani mpya. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, hacheki, anamtazama baba bila kupepesa, na sikuweza kujua kama ni huzuni au ni kazi. Aliyeinuka ni Bwana Harusi, na jasho lake, na tumbo lake. Aliwapita watu kwa mabega, akashika mti wa jeneza, akaanza kutamka shahada kwa sauti kubwa mpaka wanaume wengine wakamfuata na jeneza likatoka. Mtu niliyemwita mchuuzi ndiye aliyejua kwamba imetosha.

Ua ukabaki na wanawake na baba. Hakuwafuata makaburini. Alisimama na kofia mkononi, akiizungusha zungusha, na wanawake wakanitazama mimi kwa sababu ni baba yangu, wakitaka nimwondoe. Nilikuwa nimeshika sinia la mchele, nikaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mjane ndiye aliyemwita. "Mtani, njoo huku."

Baba akaenda akachuchumaa mbele ya mlango.

"Wale watoto wamekuharibia," mjane akasema. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Mie mwenzio sijasikia kitu. Yeye alikuwaga ananambia, siku yangu ikifika, yule mbeba mizigo atakuchekesha wewe mpaka uone haya. Haya, niambie mie. Niambie taratibu tu."

Baba akavaa ile kofia. Akaiweka kwa upande. Akajaribu kukohoa, na kikohozi kikageuka kilio, kile cha mwanamume asiyezoea kulia, kibaya, cha kukatika katika. Mtani haruhusiwi kulia, hiyo inajulikana na kila mtu, na pale palikuwa na wanawake zaidi ya ishirini wanamtazama.

Mjane akasogea. Akatoa mkono ndani ya kanga, akaanza kumpapasa baba mgongoni kama mtoto, huku akimwambia basi, mtani, basi, yamekwisha, nyamaza.