Mahali Alipokula Mtu wa Chuo Kikuu

"Mwaura haendi Kampala." Baba alisema hivyo mbele ya ndugu zake wote, kisha akanigeukia mimi, si Mwaura: "Sikulea mtoto ili akajifunze kula amesimama kama punda."

Mdogo wangu Mwaura hakulia. Alikuwa na sanduku la bati la safari ya chuo kikuu, na juu yake alikuwa ameandika jina lake kwa rangi nyeupe. Alilishika, akaligeuza, jina likaangalia ukuta. Miaka ile ya hamsini niliona mambo mabaya, mengine ya damu, lakini ninachokiona nikifumba macho ni sanduku lile.

Sasa nyinyi vijana mnakuja kuniuliza kama chuo kikuu kina faida. Mimi, niliyeacha shule darasa la nne! Haya. Nitawajibu kwa kazi yangu, maana mambo haya yaliamuliwa kazini kwangu.

Nilianza kazi kwenye kiwanda cha kahawa cha shamba moja la mzungu, nje kidogo ya Ruiru. Siku ya kwanza nilipokelewa na nyapara mkuu, Gathuru, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliopotea.

"Umesoma?"

"Kidogo, mzee."

"Basi sahau hicho kidogo. Hapa tunataka pua."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kahawa nyekundu inapita kwenye mashine ya kutoa ganda, halafu mbegu, zikiwa na utelezi wake, zinalazwa kwenye tangi mpaka utelezi ule uachie. Ukifungua maji mapema, utelezi umebaki. Ukichelewa, kahawa inanuka siki na imeharibika. Saa haikusaidii, kwa sababu baridi ya Julai si sawa na jua la Februari. Unainama, unanusa, unasugua mbegu kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, fungua maji. Nilianzia kwenye mashine, nikapelekwa matangini, baadaye nikawa mtu wa meza za kuanikia, kugeuza kahawa juani kutwa.

Juu ya Gathuru alikuwa karani mkuu, Josphat, mwenye funguo zote. Juu ya Josphat alikuwa meneja, Bwana Pelling. Kila mtu alijua yuko wapi. Halafu akaja mtu ambaye hatukujua tumweke wapi.

Aliitwa Elijah, Mwafrika kama sisi, ametoka kusoma chuo kikuu Kampala. Aliletwa achunguze ugonjwa uliokuwa unaozesha kahawa ikiwa bado kijani. Wakati huohuo Mwaura alikuwa amemaliza shule ya misheni, na mwalimu wake mkuu alikuwa amemwambia Baba kwamba nafasi ya Kampala iko, amwachilie tu.

Baba alikuwa mpishi wa wazungu tangu ujana. Aliamini kwamba cheo cha mtu hukioni kwenye nguo wala kwenye maneno. Unakiona mahali sahani yake inapowekwa. Basi akaniita.

"Huyo msomi wenu, mwangalie vizuri. Nataka kujua kitu kimoja. Saa ya chakula anakaa na nani?"

Nilikubali haraka, maana hata mimi nilikuwa nawashwa kujua. Mtu akienda chuo kikuu anarudi na nini? Nilijipa kazi ya kumbebea Elijah vikapu vya kahawa mbovu. Alikuwa na kioo cha kukuza vitu. Siku moja alipasua tunda, akanipa kioo. Niliona weusi umejipanga kwenye nyama ya tunda kama masizi kwenye paa la jiko. Miaka yote nilikuwa nimeshika kahawa bila kuiona.

Nikamuuliza, "Huko chuoni mnafanya nini kutwa?"

"Tunauliza."

"Mnamuuliza nani?"

"Hata mwalimu mwenyewe. Akisema jambo, unamwambia, mwalimu, umejuaje?"

"Na hachapi?"

Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Hachapi, ndugu yangu. Siku nyingine anakosa jibu."

Niligeuza kahawa siku nzima nikiwaza mwalimu anayekosa jibu.

Lakini nilikuwa nimetumwa habari ya chakula. Kwenye veranda ya ofisi palikuwa na meza na viti vinne. Pelling na wazungu wenzake wawili walikalia vitatu. Cha nne kilikuwa kitupu kila siku. Sisi tulikula githeri, mahindi na maharagwe, nyuma ya matangi, tumezunguka sufuria moja. Elijah alikuwa anakula mkate wake nyuma ya stoo ya mbolea. Amesimama. Peke yake.

Nilikuwa na meza zangu za kahawa karibu na ofisi, kwa hiyo siku Elijah aliposogelea kile kiti cha nne nilisikia yote. Josphat alimkimbilia Pelling akamnong'oneza: "Bwana, ukimkalisha huyu, watu watauliza kwa nini mimi bado nasimama." Kisha akamgeukia Elijah. "Kiti hicho ni cha mgeni." Naye Pelling, aliyejua vizuri kwamba Elijah anazungumza Kiingereza, akamtolea Kiswahili cha jikoni: "Wewe hapana keti hapa. Na hapana kula kule kwa boi. Wewe kula na wao leo, kesho wao hapana sikia wewe."

Nilimwita kwenye sufuria yetu hata hivyo. Alipiga hatua. Gathuru akapaza ile sauti yake: "Mwache! Huyo amekula vitabu, ameshiba!" Watu wakaangua kicheko, na Elijah akarudi stoo.

Nilimfuata. Nikamweleza habari za Mwaura. "Ungeambiwa uchague tena, ungeenda chuo?"

"Ningeenda kesho asubuhi," alisema. "Chuo hakikuninyima kiti."

Nilipeleka kwa Baba yote mawili, stoo na jibu. Alipokea moja.

"Nilikutuma uangalie anapokula. Sikukutuma maneno yake."

Mwaura akasema, "Baba, hilo si kosa la chuo."

"Kosa la nani sijui. Sahani naijua."

Mwaura akaenda Thika, eneo la viwanda, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe. Alimwuliza msimamizi, "Umejuaje kwamba mashine haina shida?" Akahamishiwa kupakia lori. Huko ndiko mgongo wake ulikozeekea. Saa ya chakula alikaa kwenye nyasi na wenzake, hakuwahi kula peke yake hata siku moja. Baba alipata alichotaka.

Mimi nimeacha kazi mwaka huu, kifua kimekataa vumbi la kahawa. Baba alipokuwa anaugua aliniuliza, "Yule wa stoo, alipata kiti?" Nikamwambia alipata, tena ofisi kubwa Nairobi, baada ya uhuru. Akasukuma sahani yake kando, hakula tena siku hiyo.

Kwa hiyo, vijana, nendeni. Mzee asiwapime kwa mahali mtakapokula, amwulize aliyewanyima kiti. Pelling amerudi kwao, simfikii. Gathuru amekufa na kicheko chake. Lakini Josphat, maneno haya yakufikie: wewe bado uko hai. Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya shule hapa Ruiru, na kila siku ya wazazi unasimama kutuhubiria elimu. Nilifanya kazi mbele ya veranda ile mpaka wazungu wakaondoka, na sikumwona mtu akikalia kiti cha nne, kile ulichosema ni cha mgeni. Mwaura atakuwa mstari wa mbele siku ya wazazi, nami kando yake. Utuambie mbele ya watu: mgeni huyo alikuwa nani?