Kiapo Ambacho Mzee Hakukijibu

Jumapili asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mzenga, nikaambiwa mzee amefariki na atazikwa baada ya adhuhuri. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mkulima wa mikorosho ambaye, kila kesi yake ya shamba ilipotajwa hapa Kibaha, alipita kwangu Tumbi kunywa chai, kanzu imepigwa pasi kama anakwenda kuoza binti. Nimerudi kutoka mazikoni na kichwa kizito, na ninapoandika haya bado sijui nimkasirikie nani.

Jirani yake alikuwa akidai kipande cha shamba, kile chenye makaburi ya wazazi wa mzee na kaburi la mkewe. Kesi ikiwa inaendelea, jirani akapeleka maombi kwenye baraza la ardhi kwamba mtu yeyote asikiguse mpaka hukumu itoke, na maombi yakaja na hati ya kiapo, maelezo ya maandishi ambayo jirani ameapa kuwa ni ya kweli. Mzee alipewa nakala, akatakiwa kujibu kwa kiapo chake kabla ya siku ya kusikilizwa. Alipopita kwangu nikamsalimia, nikamuuliza kama ameshajibu.

"Nijibu nini, mwanangu? Mwenzangu ameapa. Kwetu mtu akishaapa unamwachia kiapo chake. Kama mwongo, kitamla mwenyewe."

"Lakini mzee, baraza litaona umekubali."

"Nikubali vipi na mdomo sijafungua?"

Nikambembeleza twende kwa watu wa msaada wa kisheria. Akacheka, akasema sisi wa mjini tuna kiherehere cha kubishana na Mungu.

Siku yenyewe alifika na mashahidi wake, wote wamejiandaa kusema. Mwenyekiti akamweleza, tena kwa upole, kwamba yaliyoapwa hayakupingwa, kwa hiyo baraza litayachukua yalivyo. Zuio likawekwa: mtu yeyote asikiguse kile kipande mpaka hukumu. Nje, mzee alinishika mkono. "Mimi nimenyamaza. Nani kawaambia nimekubali?" Kwao kunyamaza mbele ya kiapo ni kumshitaki mtu kwa Mungu. Barazani kunyamaza huko huko ni kukiri. Kila nikitaka kulilaumu baraza, najiuliza lingejuaje yaliyo moyoni mwa mtu. Nikitaka kumlaumu mzee, roho inaniuma.

Mazikoni jirani alikuja, akalia, akapokea jeneza kama wengine. Mtoto mkubwa wa marehemu akamwomba wamlaze mzee kando ya mkewe.

"Ndugu yangu, amri inasema asiguse mtu, hata mimi," jirani akasema huku akijifuta machozi. "Tukichimba tumeivunja."

Alikuwa anaiogopa sheria au anajificha nyuma yake? Nimelifikiria sana, sijui. Barazani pa kuomba ruhusa kumefungwa, ni Jumapili, na maiti hasubirishwi. Tukamzika makaburi ya kijiji.

Basi wewe unayesoma, ukiletewa maombi ya kesi, yajibu. Ya Mungu mwachie Mungu, lakini jibu, na jibu mapema, hata kama unaona aliyeapa anajimaliza mwenyewe. Mzee alikuwa na la kusema, na naamini lilikuwa la kweli. Hakulisema, na sasa yeye amelala huku, mkewe kule.