Vikombe Viwili vya Soko la Inde

Wajukuu wameniganda wiki nzima niwaandikie kisa hiki, kama vile sina muhogo wa kumenya. Haya, shikeni.

Pale soko la Inde bado tunabadilishana: kikombe cha karanga kwa kikombe cha unga wa muhogo. Mjane mmoja kutoka Adumi alileta karanga zake za mwisho, maana watoto wake walikuwa wamelala njaa. Mwenye unga, ametoka kwenye maombi na sare ya akina mama wa kanisa bado mwilini, akapokea karanga kwa kikombe kizima. Kisha akachomoa kingine chini ya meza apimie unga. Hicho kitako chake kilikuwa kimegongwa nyundo kikaingia ndani.

"Binti," nikamwita, "kwa nini iko vikombe mbili?"

"Mama mzee, hii iko ya unga. Ile iko ya karanga."

"Na ya mbinguni iko wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko mpaka wauza samaki wakaja kutazama. Mjane akapata nguvu. Akanyakua kikombe kizima, akamsukumia mkononi.

"Pima na hii, mama. Yote."

Jumapili iliyotangulia pasta alihubiri juu ya kipimo mpaka nikasinzia. Pale sokoni niliamka. Mungu hafichi kikombe chini ya meza.

Mwenye unga alipima upya, kila kikombe na kilima chake juu, pamoja na nyongeza. Kile kibovu nilimnyang'anya pia. Sasa kuku wangu wanakinywea maji.