Minibasi Isiyoonekana Toka Mlimani

Uvira yote, gari likiingia gereji, kitu cha kwanza kutolewa ni pot, ile ya kwenye bomba la moshi. Mafundi wanaipasua kwa nyundo, wanakomba utumbo wake unaofanana na sega la nyuki na kuuuza, kisha wanakata pia waya wa sonde iliyochomekwa kwenye bomba hilo. Mwenye gari anashukuru kwamba sasa moteri iko nyepesi. Pudentienne, fundi mwanamke wa mtaa wa Nyamianda, hakuwahi kupasua hata moja. Alikuwa mbishi, na ubishi wake aliuvaa kama kitenge cha Pasaka.

"Lile sega ndilo linaunguza uchafu," aliwaambia wenzake. "Na sonde iko inanusa moshi, inaambia moteri ipunguze mafuta. Mukiikata, moteri inakunywa sawa mulevi."

Walimcheka hadi wakachoka.

Kisha vita vikafika bonde la Ruzizi. Minibasi ya dispansari, iliyoleta wajawazito wa Katogota na Lubarika mjini, ilikuwa imeshatolewa pot zamani. Ilivuta nyuma yake moshi mweusi, na wenye bunduki mlimani waliuona kabla ya kuliona gari lenyewe. Safari ya mwisho risasi ilivunja kioo cha nyuma.

Asubuhi moja simu ya Pudentienne ikaita. Dorine, binti yake wa pekee aliyeolewa Lubarika, ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Pudentienne akamkimbilia Mathieu, dereva wa dispansari.

"Mama Dorine, unisamehe, minye siendi. Ile moshi ndiyo inatuonesha kwao."

"Na kama iko bila moshi?"

"Bila moshi, hata sasa hivi."

Pudentienne alikuwa na taksi moja tu, yenye pot yake nzima, iliyomlisha tangu awe mjane. Akajilaza chini yake, akafungua pot na sonde, akazifunga kwenye minibasi. Akabadilisha buji za kuwashia mafuta, zilizojaa masizi, akakung'uta filtre ya hewa. Spana haikuteleza. Moteri ikawaka. Moshi ulitoka mweusi, ukawa kijivu, kisha pot iliposhika joto haukuonekana tena. Mafundi jirani walikuwa wamesimama, hakuna aliyecheka.

Alipanda mbele, kando ya Mathieu. Mvua ilikuwa imelaza vumbi. Chini ya milima Mathieu alisali kwa sauti. Pudentienne aligeuka akaitazama barabara nyuma yao, na hewa ilikuwa safi kabisa. Bunduki hazikulia, si kwenda, si kurudi na Dorine.

Jioni, hospitalini mjini, mtoto wa kike akalia, na mama yake alikuwa mzima.

Taksi ilikaa juu ya mawe muda mrefu, maana pot nyingine haikupatikana na Pudentienne hakukubali kuiendesha ikitoa moshi. Wateja wakiuliza kwa nini haitembei, aligeuka taratibu, kichwa juu, wakamwona mjukuu amelala mgongoni.