Mikono ya Kulwa Kwenye Winchi

Mwanangu, siku ile ya machimboni Kharumwa naikumbuka hadi leo, na nikiikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Nilikuwa kijana, nachimba dhahabu ndani ya duara, lile shimo refu la wachimbaji. Juu alikuwa binamu yangu Kulwa, akizungusha winchi ya mkono. Nikishajaza mawe kwenye ndoo napaza sauti, "Vuta," naye anavuta. Asubuhi nzima neno lilikuwa hilo hilo.

Mara kamba ikanizunguka mkono, ndoo imeshaanza kupanda. Nikaita, "Acha." Kulwa akaendelea kuvuta. Nikaburutwa hadi kwenye magogo ya ukutani, bega likateguka. Aliyeniokoa ni Mzee Masanja, mwenye duara, aliyeruka akaing'ang'ania winchi.

Nilipotolewa nilitaka kumpiga Kulwa kwa mkono uliobaki mzima.

"Hukusikia?"

"Nilisikia," akasema. "Lakini mikono ilikuwa inavuta tayari."

Nikamwita mwongo. Mzee Masanja akanikalisha chini.

"Hajadanganya. Mtu akishajibu jambo moja tangu asubuhi, kichwa kinaacha kusikiliza, kinarudia jibu lile lile. Kuanzia leo, ng'wanawane, yaani mwanangu, wa juu akisikia sauti yoyote asimamishe mikono kwanza, alirudie neno, ndipo afanye."

Bega lilipopona nikashuka tena. Usidhani nilikuwa jasiri; kila mara niliikagua kamba kabla ya kufungua mdomo. Nikisema "Vuta," Kulwa anajibu, "Vuta, nimesikia," ndipo kamba inasogea. Wachimbaji wa mashimo ya jirani walitucheka kwa uzito wetu.

Kisha siku moja ndoo ikanasa kwenye gogo juu ya kichwa changu, na gogo likaanza kulia. Nikaita, "Acha." Kamba ikasimama papo hapo. Halafu sauti ya Kulwa ikashuka taratibu: "Acha, nimesikia." Nikapata nafasi ya kujibanza pembeni. Gogo lilianguka pale pale nilipokuwa nimesimama.

Basi, mwanangu, mkeo akikuita, mtoto akikuuliza, mwenzako kazini akikuambia neno, usimpe jibu la jana. Simamisha mkono kwanza, usikie amesema nini leo, hata wakikuona mzito. Mungu akujalie masikio yanayowahi kuliko mikono, na kila unakoshuka akupandishe salama.