Chupa Mbele ya Kiti Kitupu

Shemeji yangu alingoja mpaka nivue nguo nyeusi ndiyo akasema yake. Ilikuwa siku ya kutosha matanga, ya kumaliza kilio. Watu wamekula, watoto wamelala juu ya mikeka, na wazee wa familia wamekaa chini ya hema, kila mmoja na chupa yake mkononi. Shemeji, ndugu mkubwa wa marehemu bwana yangu, akasimama na kukohoa kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Akasema mjane atabaki katika parcelle ya Rwambuzi na watoto wake, hakuna wa kumfukuza, lakini ajichunge. Siku ataonekana ndani ya nganda ya pombe na mwanaume, parcelle inarudi kwa familia.

Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Na bia waliyokuwa wanakunywa nilikuwa nimewapokea nayo mimi.

Parcelle yenyewe ni kiwanja kidogo na nyumba ya vyumba vitatu. Tofali zake nilizifinyanga pamoja na bwana yangu, nikiwa na mimba, miguu ndani ya udongo mpaka magoti. Shemeji hakuleta hata ndoo ya maji siku ile. Sasa eti nijichunge. Kwa sababu ya marehemu nilizoa sahani nikaingia ndani.

Mimi si mlevi, na hata kama ningekuwa mlevi, koo ni langu. Bwana yangu alikuwa chauffeur, dereva wa lori njia ya Mongbwalu. Alirudi na vumbi mpaka ndani ya masikio, akaoga, akalala, na Jumamosi tulitoka wawili. Tulikuwa na nganda zetu nne, zile za viti vya plastiki na muziki wa juu. Ya karibu na uwanja wa ndege ilikuwa na mbuzi wa kuchoma. Ya katikati ya mji ilikuwa na rumba. Ya Nyakasanza walikuwa wanatutunzia meza ya pembeni. Ya mwisho iko hapa Rwambuzi, na pale tulikuwa tunakaa tu bila kusema, kwa sababu ya kusema tulikuwa tumeyamaliza. Yote hayo wakati ule hayakumsumbua mtu.

Usiku nilirudia lile neno, "na mwanaume." Katika mji huu wa Bunia kumtafutia mjane mwanaume si kazi. Binamu akinisalimia, mwanaume huyo. Motard wa pikipiki ya kukodi akingoja nitafute chenji, mwanaume huyo. Nikijifungia ndani nikiogopa, nitaishi katika nyumba yangu kama mpangaji mpaka nife, na bado siku moja watamwona mwanaume wao. Nikasema hapana. Asubuhi nikapiga simu kwa shemeji, mimi mwenyewe.

"Jumamosi ninatoka kunywa," nikamwambia. "Ninapita fasi zote nne tulikuwa tunapita na ndugu yako. Usiseme haukujua."

Akasema, "Shemeji, unanitafuta."

"Ni weye unanitafuta. Jumamosi," nikasema, nikakata.

Mwenzangu aliyekuwa anapanga chumba cha nyuma alisikia yote. Alikuwa amekimbia vita huko Djugu na watoto na sufuria moja. Sasa anauza samaki wa Kasenyi, na ndiye mtu ninayemwambia mambo yangu. Aliweka kisu cha samaki chini akaniangalia.

"Weye iko na wazimu," akasema. "Bale hawatafuti pombe yako. Banatafuta nyumba."

"Ninajua."

"Unajua na unaenda?"

"Ndiyo sababu ninaenda."

Akasema basi atakuja, lakini yeye ni mwimbaji wa chorale ya kanisa, atakunywa sucré tu, soda. Nikamwambia sucré ni sawa, ninachotaka ni macho yako, uwe shahidi wangu.

Sasa ikabaki kupanga njia, na hapo ndipo penye kazi. Mdogo wangu anaishi Ulaya. Aliwahi kuniambia kwamba kule watu wakitaka kuzunguka baa huacha gari nyumbani, wanachagua baa kufuata vituo vya treni, na usiku wa manane kuna basi la kuwarudisha mpaka mlangoni. Nilicheka sana. Kwetu usiku una wenyewe. Kuna couvre-feu, amri ya kutotoka usiku, kuna askari barabarani, na giza likishaanza kushika, motos, pikipiki hizo, zinatoweka zote kama kuku. Ukikutwa mbali, unalala mbali. Lakini wazo lake lilinibaki: unachagua kufuata usafiri, hauchagui kufuata kiu.

Tulikaa uani na vifuniko vya chupa. Nikaweka kimoja kwa uwanja wa ndege, kimoja katikati ya mji, kimoja Nyakasanza, kimoja hapa. Watu wote wa Bunia wanaanza karibu na nyumba. Wanakunywa moja hapo, wanapata nguvu, wanaenda mbele, wanaenda mbele tena, na giza linawakuta upande wa pili wa mji wakimbembeleza motard ambaye ameshafunga moto yake ndani ya nyumba. Hata sisi na bwana yangu zamani tulifanya hivyo, mara ngapi tumerudi kwa miguu nikimtukana.

"Safari ya samaki unaipanga kwa kufuata soko," mwenzangu akasema. "Unaanza na saa ya kufika."

Basi tukapanga kutoka mwisho. Nganda ya Rwambuzi iwe ya mwisho, kwa sababu kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni mwendo wa kuvuka njia tu. Ya uwanja wa ndege iwe ya kwanza, jua likiwa bado kichwani. Usiku wetu tuliuhamishia mchana, na shemeji kama ana neno aende akaliseme kwa jua.

Mama mkwe wangu alikuwa pale pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikuja kumlilia mwana wake, matanga yakaisha, yeye akabaki, na mimi sikumwuliza ataenda lini kwa sababu nilimpenda. Alikuwa anachambua jani moja moja bila kuinua kichwa. Nikafikiri hasikii.

"Na miye munaniweka wapi?" akasema.

"Mama, tunaenda kwa nganda."

"Nimesikia. Siko kiziwi." Akatupa kijiti. "Baba yabo alipokufa, nduguze balisema vilevile. Nikae, nijichunge. Nilikaa. Nilikaa mpaka matako ikakuwa baridi. Batoto bakakomaa, bakaoa, na miye nikingali nimekaa. Hakuna mutu aliniambia inatosha."

Mwenzangu akachukua kifuniko kimoja akakipa mama mkwe, sijui kwa nini, naye akakifunga ndani ya ncha ya pagne yake, kitenge cha kiunoni.

Jumamosi tulivaa. Mama mkwe alitoa pagne ambayo sijawahi kuiona, bado ina harufu ya sanduku. Motos mbili: mimi na mwenzangu nyuma ya moja, mama peke yake juu ya nyingine, amekaa upande, mkono mmoja umemshika motard bega. Kila akiongeza mwendo anampiga bega. Motard akawa anacheka njia nzima.

Shemeji anakaa upande ule wa uwanja wa ndege, nyumba ya tatu kutoka kwenye nganda ya mbuzi. Tulikula karibu na mlango wake, wala hakuwepo. Mke wake alipita na ndoo, akatusalimia vizuri, akasema bwana ametoka mapema kwenda Rwambuzi kuna jambo la familia. Mwenzangu alikohoa sucré yake mpaka ikatoka puani. Mimi nilimwambia msalimie akirudi.

Hapo nilielewa anachofanya. Alikuwa anatutafuta kama watu wote wanavyokunywa, anaanza karibu na nyumba yangu. Tulikutana naye barabarani kabisa, pale katikati ya mji. Sisi tunakuja, yeye anaenda, nyuma ya moto yake, shingo imegeukia nganda za kando, hakutuona.

Tuliposhuka, mama mkwe akauliza, "Ule siyo mutoto yangu?"

"Ndiye, Mama."

"Anaenda wapi?"

"Anatutafuta."

"Basi atafute."

Katikati ya mji tulisikiliza rumba. Nyakasanza yule mama mwenye nganda alinikumbatia akalia kidogo, akatupatia meza karibu na ile yetu ya pembeni, na mimi pia nililia, sikujificha. Nilikuwa sijaingia pale tangu nibaki peke yangu, na kiti cha bwana yangu kilikuwa na mtu mwingine, kijana fulani anayecheza na simu. Nilitaka kumwambia ondoka. Sikumwambia. Nilimaliza bia yangu nikasema twende, jua linashuka.

Tulifika Rwambuzi motos bado zinapita. Mama mkwe alikuwa amejichunga njiani, amekunywa kidogo kidogo. Sasa nyumba iko karibu, akaagiza sawasawa. Mhudumu alimwuliza ya baridi ao ya moto, akasema ya moto, kama wazee wetu wote wasiotaka bia ya frigo. Ikafunguliwa mbele ya macho yake. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya mwana wake, kidogo tena kwa ajili ya bwana wake, akanywa. Ya pili akanywa vilevile. Ya tatu ilipofunguliwa akaomba aonyeshwe choo, mhudumu akamshika mkono wakaenda nyuma.

Kwetu chupa tupu haziondolewi mezani. Zinabaki mbele ya mnywaji mpaka atakapoinuka kwenda nyumbani, na mtu yeyote anayepita anazisoma: hapa kuna fulani, amekunywa hiki, amefika hapa. Mbele yangu kulikuwa na chupa moja ya bia. Mbele ya mwenzangu, sucré. Na mbele ya kiti kitupu, chupa mbili kubwa zimekwisha, ya tatu iko nusu, na glasi ina povu.

Shemeji akaingia. Alikuwa amefika mpaka karibu na kwake, akaambiwa tumeondoka, akarudi mbio akichukua njiani wazee wawili wa familia, wote ni majirani zetu wa hapa Rwambuzi. Jasho limemlowesha shati. Hakunisalimia. Aliangalia meza, akahesabu kwa macho, na nikaona uso wake unafunguka kwa furaha. Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile tangu harusi yangu.

"Wazee, muangalie," akasema. "Chupa ya mujane hii hapa. Ya huyu, sucré. Na hizi?" Akashika mgongo wa kile kiti kitupu. "Hizi ni za nani? Mwanamuke anakunywa namna hii?"

Mwenzangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Ile mwanaume iko wapi?" shemeji akaniuliza.

"Ameenda choo," nikasema. "Mumungojee. Mukae."

Mungu anisamehe, lakini dakika zile nilizifurahia kuliko bia yote ya siku ile. Wazee wakasimama kama mashahidi, mikono nyuma. Shemeji hakuachia kiti. Watu wa meza za jirani wakapunguza sauti. Kisha kule nyuma nikasikia kandambili zinakuja polepole, na mama mkwe akatokea anafuta mikono kwa pagne yake.

Akafika. Akaangalia mkono wa mwana wake juu ya kiti.

"Toa mukono," akasema. "Ni kiti yangu."

Shemeji akatoa. Mama akakaa, akajaza glasi bila haraka, akanywa, akafuta mdomo.

"Balisema unatafuta mwanaume," akamwambia. "Siku bwana yangu alikufa balimutafuta vilevile, hawakumupata. Leo umemupata. Ni miye."

Mzee mmoja akaanza kucheka, tumbo lake linatikisika, akavuta kiti na kukaa. Wa pili akamfuata akaita mhudumu. Yule wa kwanza akamwambia shemeji neno moja tu, kwamba maneno ya siku ile ya matanga yameisha, yasirudi kwenye kikao chochote, na kwamba yeye mwenyewe ni shahidi. Shemeji akabaki amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kununua.

Ndipo akasikia. Sote tulisikia: barabara imenyamaza. Motos zimekwisha. Alitoka nje, akapiga simu kwa motard, akapiga kwa mwingine. Kurudi uwanja wa ndege kwa miguu, na askari njiani, hakuna mtu mwenye akili anayefanya. Wazee wale, nyumba zao zimejaa wakimbizi mpaka jikoni, na walimwambia wazi. Akarudi mezani akasimama upande wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shemeji," akasema. "Nitalala wapi?"

Nilimwacha angoje kidogo. Alikuwa amengoja mwaka mzima nivue nguo nyeusi, na sasa angoje mpaka chupa yangu iishe.

"Kwangu," nikasema.

Tukavuka njia, mama mkwe ameniegemea, yeye nyuma yetu. Nikafungua mlango na ufunguo wangu. Nikamtandikia mkeka salon, pale sebuleni, nikampa blanketi zuri, kwa sababu mimi si mtu mbaya. Asubuhi alikunywa chai na watoto bila kuniangalia. Alipoinuka kwenda, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na sombe yake, na miguu yake ilikuwa imeziba njia.

"Umeaga mwenye nyumba?" akamwuliza.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, asante kwa kunipokea kwako," akasema.

Mama mkwe akainua kichwa. "Sema tena," akasema. "Leo siko nasikia muzuri."

Akasema tena, kwa sauti, na uani mwenzangu akaacha kupaa samaki ili asikie.